Nimemaliza maswali 300 ya mashindano, mbona jipya likija nakwama?

Msomaji wetu wa Iringa ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu, shule ya kutwa. Hesabu za darasani hazinisumbui, mara nyingi napata A. Mwaka jana niliingia kwenye mchujo wa mashindano ya hisabati, kati ya maswali kumi nikapata mawili. Nikaona nijipange. Tangu Januari mpaka mwisho wa Mei nimesolvu maswali zaidi ya 300 ya mashindano, nayapata kwenye simu ya kaka pamoja na majibu yake. Nikisoma jibu naelewa kabisa, hata mwenzangu naweza kumweleza. Ila swali jipya likija nakaa nalitazama tu. Je, mwalimu, inawezekana nina kichwa kizito? Na niongeze maswali mangapi kwa siku?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo jepesi: usiongeze, punguza. Punguza mpaka yabaki matatu kwa wiki.

Najua si jibu ulilolitarajia, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Kuanzia Januari mosi hadi Mei 31 ni siku 151. Maswali 300 ndani ya siku hizo ni kama mawili kila siku, bila kupumzika hata Jumapili, ukiwa na vipindi, kazi za nyumbani na simu yenyewe ya kuazima. Nimewaandaa wanafunzi wa mashindano kwa miaka mingi, na sijakutana na mtoto wa kidato cha tatu anayefanya maswali mawili ya mashindano kila siku kwa miezi mitano. Mimi mwenyewe siwezi. Nadhani ulichokuwa ukifanya ni hiki: unasoma swali, unalifikiria dakika tano au kumi, halikai sawa, unateremsha kidole chini kwenye jibu, unasema "aaah, kumbe!", unahamia la pili. Hiyo "kumbe" ni tamu, na ndiyo iliyokudanganya. Abiria wa daladala ya Kihesa anaijua njia nzima kituo kwa kituo, hata mgeni anaweza kumwelekeza. Mkalishe nyuma ya usukani uone.

Hauko peke yako, na mimi kosa hilo nimelifanya nikiwa upande wa mwalimu, jambo ambalo ni baya zaidi. Katika shule moja tulikuwa tunachapisha maswali 40 kila wiki. Ijumaa tunasahihisha: mimi naandika ubaoni, wao wananakili. Madaftari yalijaa, masafi, yamepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Siku ya mashindano walirudi na nyuso za msiba. Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja akanirushia swali nikiwa ubaoni, nikakwama. Nilikwama dakika 40 mbele ya darasa zima, chaki mkononi, nafuta, naandika upya, najisemea kwa sauti: "hapana, hii haiendi, tujaribu ndogo zaidi." Nilitoka nimeaibika. Wiki mbili baadaye nikawasikia wale wale wamekaa kikundi chini ya mti, wanasemezana: "haiendi hii, tujaribu ndogo." Kumbe miaka yote hiyo hawakuwahi kuniona nikihangaika. Walikuwa wanaona jibu lililopigwa pasi, na jibu lililopigwa pasi halionyeshi lilivyofuliwa.

Sasa kichwa kizito. Maryam Mirzakhani wa Iran alipata medali ya dhahabu kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, ile inayoitwa IMO, mwaka 1994 kwa alama 41 kati ya 42. Mwaka 1995 akarudi akapata zote 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Medali ya Fields, tuzo ambayo wanahisabati wanaiheshimu kuliko karibu zote. Huyo huyo alipenda kujieleza kuwa ni mtu wa kufikiri polepole. Kwa hiyo polepole si ugonjwa. Ukiangalia mashindano yenyewe yalivyopangwa utaona hata waandaaji wanalijua hilo. IMO, tangu ilipoanza Romania mwaka 1959, imekuwa ya watu wa kukaa na swali: siku hizi ni siku mbili, kila siku maswali matatu kwa saa nne na nusu. Gawanya mwenyewe: dakika 90 kwa swali moja. Olimpiadi ya Afrika, PAMO, iliyoanza Rabat mwaka 1987 na ambayo imeshafika Nairobi mwaka 2018 na Kigali mwaka 2023, inafuata mtindo huo huo. Weka pembeni pepa la hisabati la kidato cha nne, maswali 14 kwa saa tatu, kama dakika 13 kwa swali. Wewe umezoezwa mbio za dakika 13, na katika mbio hizo ukikwama zaidi ya dakika tano ni kweli unatakiwa kuruka. Mazoea hayo ndiyo umeyapeleka kwenye maswali ya dakika 90, halafu unajilaumu kichwa.

Wahungari walilijua hili zamani. Mwaka 1894 walianzisha jarida la hisabati la wanafunzi wa sekondari. Lilikuwa linatoa maswali machache, mwanafunzi anakaa nayo wiki kadhaa, anaandika jibu kwa mkono na kulituma kwa posta. Majibu mazuri yalichapishwa pamoja na jina la aliyeyatuma, baadaye hata picha. Paul Erdős, aliyekuja kuwa mwanahisabati mashuhuri, alikuwa mmoja wa vijana hao. Fikiria: mtoto anatembea na swali moja mfukoni wiki nzima, analala nalo, anakwenda nalo sokoni. Nchi ndogo ile imetoa wanahisabati wengi mno kwa ukubwa wake, na mimi ni katika wanaoamini kwamba jarida lile lina mkono wake hapo.

Haya, tuache hadithi tushike swali. Nitalifanya taratibu, pamoja na makosa, kwa sababu makosa ndiyo somo lenyewe.

Ubaoni zimeandikwa namba 1 hadi 10. Unaruhusiwa kufuta namba mbili zozote na badala yake kuandika tofauti yao, kubwa toa ndogo. Unarudia mpaka ibaki namba moja. Je, inaweza kuwa 0?

Mwanafunzi aliyezoea kusoma majibu hapa anaganda, anatafuta "kanuni ya swali hili ni ipi". Hakuna kanuni. Chukua kalamu ucheze. Nafuta 10 na 9, naandika 1. Nafuta 8 na 7, naandika 1. Hivyo hivyo 6 na 5, 4 na 3, 2 na 1. Sasa nina 1 tano. Mbili zinauana zinakuwa 0, nyingine mbili 0, inabaki 1 moja, na mwisho wa yote ni 1. Karibu! Labda nikipanga vingine. Nachukua 10 na 1, napata 9. 9 na 2, napata 7. 8 na 3, napata 5. 7 na 4, napata 3. 6 na 5, napata 1. Nina 9, 7, 5, 3, 1. Natoa 1 kwenye 9, nina 8. Natoa 5 kwenye 7, nina 2. Zimebaki 8, 2, 3. Nane toa mbili, sita. Sita toa tatu, tatu. Mwisho ni 3. Narudi pale pale kwenye 8, 2, 3 naenda njia nyingine: tatu toa mbili, moja, nane toa moja, saba. Mwisho ni 7.

Hapa wengi huendelea kujaribu mpaka wachoke, halafu wanaandika "haiwezekani" kwa hasira. Simama. Tazama ulichovuna: 1, 3, 7. Zote witiri. Hii ni bahati au kuna kitu? Usikimbilie kujibu. Punguza swali liwe dogo kiasi kwamba unaweza kuona kila kitu. Ubaoni kuna 1 na 2 tu: mwisho ni 1, witiri. Kuna 1, 2, 3: jaribu njia zote tatu, utapata 0, 0 na 2. Shufwa zote! Kuna 1 hadi 4: utapata 0 au 2 au 4, shufwa tena. Nenda 1 hadi 5, zimerudi witiri. Hadi 6, witiri. Ukiwa mvumilivu utapata hadi 7 na hadi 8 ni shufwa, hadi 9 na hadi 10 ni witiri. Mbili mbili, mbili mbili, kama mtu anayepanga viatu.

Sasa ndipo kazi ya kichwa inaanza, na inaanza ukiwa na kitu mkononi. Nini kinachobadilika mbili mbili namna hiyo? Hapa huwa nawaachia wanafunzi siku nzima. Mmoja atajumlisha namba za ubaoni kwa sababu tu hana la kufanya: 3, 6, 10, 15, 21, 28, 36, 45, 55. Witiri, shufwa, shufwa, witiri, witiri, shufwa, shufwa, witiri, witiri. Ni ule ule mpangilio! Basi siri iko kwenye jumla. Jumla ya namba za ubaoni inafanywa nini kila ninapofuta? Nikifuta a na b, ambapo a si ndogo kuliko b, jumla inapoteza a + b na inapata a – b. Imepungua kwa 2b, ambayo ni shufwa. Kwa hiyo jumla ikianza witiri itabaki witiri mpaka mwisho, na ikianza shufwa itabaki shufwa. Yetu ilianza na 55. Namba ya mwisho ni jumla ya ubao wenye namba moja, hivyo ni witiri, hivyo si 0. Tumemaliza.

Jibu lenyewe lina mistari mitatu. Kwenye simu ya kaka ungelisoma kwa nusu dakika: "angalia jumla, inapungua kwa 2b, 55 ni witiri." Ungelielewa, na lisingekuachia chochote, kwa sababu jambo gumu katika swali hili ni kule kufikia wazo la kutazama jumla, na wazo hilo lilitoka kwenye 1, 3, 7 na kwenye ule ubao mdogo. Jibu lililochapishwa halikuonyeshi hayo.

Na hata ukishalipata usifunge daftari. Hapa nakuomba sana, maana naona wengi wanajitahidi mpaka hapa halafu wanaruka. Lipindue swali. Badala ya tofauti, ukifuta a na b uandike a + b + ab. Anza ndogo: 1 na 2 zinatoa 5. Weka 3: 5 + 3 + 15 ni 23. Weka 4: 23 + 4 + 92 ni 119. Zitazame hizo, 5, 23, 119, mpaka zikuambie kitu. Ukiongeza 1 kwenye kila moja utazitambua, na ukizitambua utajua kwa nini ubao wa 1 hadi 10 lazima uishie 39,916,799 hata ufute kwa mpangilio gani. Swali la kwanza lilikuwa na kitu kisichobadilika, witiri na shufwa. Hili nalo lina kitu kisichobadilika, lakini cha namna nyingine. Ukishakutana nacho mara mbili kwa mikono yako mwenyewe, mara ya tatu utakisikia kikinukia.

Sasa utaratibu wa nyumbani. Nakili swali kwenye daftari, mrudishie kaka simu yake. Nasema hili kwa uzito wote: jibu likiwa umbali wa kidole, kichwa hakifanyi kazi, kinasubiri. Jipe saa moja ambayo kalamu inatembea. Kukaa unatazama dari hakuhesabiwi. Ukiwa umekwama, jipe swali la kufanya na kalamu: namba ndogo, mchoro mwingine, mwisho kurudi mwanzo (kama jibu lingekuwa kweli, hatua iliyotangulia ingekuwaje?), au ondoa sharti moja la swali uone nini kinaharibika. Saa ikiisha, acha. Kalale. Kesho yake nusu saa nyingine. Utashangaa mara ngapi njia inajileta ukiwa unachota maji. Ikigoma siku ya tatu, hapo fungua jibu, lakini mwambie kaka akusomee mstari wa kwanza tu, urudi kwenye daftari. Mstari mmoja ukitosha, swali hilo ni lako kwa asilimia kubwa. Usipotosha, akusomee wa pili.

Ukilazimika kusoma jibu lote, lisome, lifunge, uliandike upya kwa maneno yako bila kuchungulia. Ukishindwa mahali, pale uliposhindwa ndipo ulipodhani umeelewa. Kisha andika chini sentensi moja: mtu angewezaje kulifikia wazo hili? Weka alama ya tarehe, na baada ya wiki mbili lifanye upya kama hujawahi kuliona. Naamini kati ya yale 300 uliyosoma, ukirudia 20 leo bila majibu utafanya manne au matano. Jaribu, ni kipimo kizuri na hakina gharama.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja lakini nina hakika linakula alama zako: kuandika. IMO kila swali lina alama 7, na alama hizo zinakwenda kwenye hoja. Jibu tupu, hata likiwa sahihi, halikupi kitu cha maana. Chukua swali la kwanza kabisa la IMO ya kwanza, 1959: thibitisha kwamba sehemu yenye kiasi 21n + 4 na asili 14n + 3 hairahisishiki kwa namba yoyote ya kuhesabia n. Sehemu hairahisishiki maana yake ni kwamba KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya kiasi na asili ni 1, hilo ulifundishwa shule ya msingi. Weka n = 1, ni 25 juu ya 17. Weka 2, ni 46 juu ya 31. Weka 3, ni 67 juu ya 45. Hairahisishiki hata moja. Mwanafunzi mzuri wa darasani ataandika: "nimejaribu mpaka 20, kwa hiyo ni kweli." Huo si uthibitisho, na utapata sifuri au jirani yake. Ukidhani naonea, chukua mfano unaohusishwa na Euler, mwanahisabati wa zamani: n mara n, jumlisha n, jumlisha 41. Weka n = 1, ni 43, namba tasa. Weka 2, ni 47, tasa. Weka 3, ni 53, tasa. Itaendelea kukupa namba tasa mpaka n = 39, na wewe utakuwa umeshaapa. Weka 40, unapata 1681, ambayo ni 41 mara 41.

Kujaribu namba ndogo ni kwa ajili ya kunusa njia. Kwenye swali la 1959 njia ni hii: kigawo kinachogawa namba mbili kinagawa pia tofauti yao. Basi kigawo chochote cha shirika cha 21n + 4 na 14n + 3 kinagawa tofauti yao, 7n + 1. Kikigawa 7n + 1 kinagawa pia mara mbili yake, 14n + 2. Lakini tayari kinagawa 14n + 3. Kwa hiyo kinagawa tofauti ya hizo mbili, ambayo ni 1. Hakuna kigawo cha 1 ila 1. Liandike hivyo, sentensi kwa sentensi, kama unamwandikia mtu mbishi ambaye hakuamini na hayuko kichwani mwako. Halafu lipindue: asili ikiwa 14n + 2 badala ya 14n + 3, sehemu inarahisishika lini? Jibu ni neno moja, na limeshatajwa humu.

Umeona pia kwamba hapo hatukuhitaji chochote cha kidato cha tano. Hesabu za mabadiliko, zile za kutafuta mteremko wa mikunjo, IMO haizidai. Maswali yanatoka kwenye aljebra, jometri, tabia za namba, na hesabu za kupanga na kuchagua. Katika hizo nne, ningekuwa wewe ningeanza na tabia za namba, kwa sababu baada ya kidato cha kwanza mtaala wetu unaziweka kando, na huko ndiko una pengo: KKS, KDS (kigawe kidogo cha shirika), baki, namba tasa. Tafuta vitabu vya darasa la sita na la saba, usione haya. Jometri inafuata, ya duara na pembe utakutana nayo darasani, na ni eneo ambalo bidii inalipa bila ujanja mwingi, mradi uchore kwa bikari na rula, mchoro mkubwa, ukurasa mzima. Vile vichoro vya ukubwa wa kifungo vinavyochorwa pembeni mwa daftari vimewaangusha wengi. Hesabu za kupanga na kuchagua ni ngumu kufundishika; huko unajifunza kwa kucheza, kama tulivyofanya ubaoni. Wazo moja tu nikuachie: darasa lenye wanafunzi 60 lazima lina mwezi ambao watu watano au zaidi wamezaliwa, maana kila mwezi ukiwa na wanne tu darasa lisingezidi 48. Ni rahisi hivyo, na maswali magumu kabisa yamejengwa juu yake.

Lugha nayo. Maswali unayoyapata kwenye simu ni ya Kiingereza, na najua kidato cha tatu mtu anaweza kukijua Kiingereza cha darasani na bado akateleza kwenye vineno. "Isiyozidi 5" na "isiyopungua 5" zikibadilishana, swali limekuwa jingine. "Kwa kila n" na "kwa n fulani" vivyo hivyo. Kabla hujaanza kufanya lolote, msimulie mtu swali hilo kwa Kiswahili, mama au kaka, mtu asiyejali hisabati. Akikuuliza "kwa hiyo unatakiwa kufanya nini?" na ukashindwa kumjibu, bado hujalisoma. Na ujue tu kwamba IMO yenyewe humpa mshiriki maswali kwa lugha aliyoichagua, naye hujibu kwa lugha hiyo.

Wa kusoma naye utamhitaji, lakini mmoja au wawili wanatosha. Kila mtu akae na swali peke yake kwanza, mkutane Jumamosi. Mkikutana kabla ya kuhangaika, mwenye mdomo mwepesi atasema jibu na wengine watapata ile "kumbe" ya kwenye simu, tofauti yake ni kwamba safari hii imetoka mdomoni. Mkishakutana, sheria iwe moja: anayeeleza haruhusiwi kusema "ni wazi kwamba".

Usifanye maswali ya tatu na ya sita ya IMO kwa sasa. Kwa desturi la kwanza na la nne ndiyo mepesi zaidi, la tatu na la sita ndiyo ya kuvunja mgongo. Anza na ya michujo ya nchi mbalimbali na yale ya kwanza na ya nne ya PAMO. Mchujo ukikaribia, mwezi mmoja kabla, ndipo upime muda: kaa saa nne na nusu Jumapili moja na maswali matatu, soma yote kwanza, anza na unalolipenda. Mara mbili au tatu zinatosha. Miezi iliyobaki ni ya maswali matatu kwa wiki, na mitihani ya darasani isiteseke kwa sababu hiyo.

Nakupa la kuanzia. Mezani kuna vikombe 7 vya chai, vyote vimesimama. Kila mara unageuza vikombe vinne kwa pamoja, kilichosimama kinafudikizwa, kilichofudikizwa kinasimamishwa. Je, utafika mahali vyote saba vimefudikizwa? Na vikiwa 6, bado unageuza vinne vinne? Moja inawezekana na nyingine haiwezekani. Usiniandikie ipi ni ipi tu. Nitumie picha ya kurasa za majaribio, hata zilizokatwakatwa, hizo ndizo nataka kuziona. Vikombe usitumie vya mama vya wageni.